Nadhiri ya Zohara Mlimani Masada

Jua lilikuwa halijachomoza Zohara alipokuwa akikaza kamba za viatu chini ya mlima Masada, goti la kushoto limefungwa bandeji. Jamaa zake walikuwa kwenye foleni ya gari la waya linalopandisha watu kileleni. Juu, kwenye magofu ya ngome, mwanawe Nehorai angesoma gombo la Torati mbele ya watu kwa mara ya kwanza, saa mbili na nusu, kama desturi ya Wayahudi mvulana akitimiza miaka kumi na mitatu. Saa tatu ilikuwa zamu ya familia nyingine.

"Dada, panda gari," alisema Prosper, kaka yake. "Goti hilo halitakufikisha."

"Nina nadhiri. Unaijua."

Nehorai akiwa mchanga, amelazwa hospitalini hajitambui, Zohara aliapa: akifika miaka kumi na mitatu, siku atakayosoma, mlima ule nitaupanda kwa miguu yangu.

"Nadhiri hufunguliwa. Kwa dini yetu wanaume watatu wakitamka imefunguliwa, imekwisha, dakika moja. Nimeshawapata, wale pale."

Zohara akawatazama. Mmoja alikuwa anatafuna mkate.

"Hao walikuwepo hospitalini?"

"Utamkosa mtoto, Zohara."

"Basi nitamkosa nikiwa njiani."

Alipanda mguu mzima ukitangulia, mbovu ukifuata. Vijana walimpita wakicheka.

"Bibi, tukubebe?"

"Kambebe mama yako."

Saa mbili na nusu ilimkuta bado kuta za ngome ziko juu ya kichwa chake. Hakupumzika. Baadaye kidogo vigelegele vikashuka kutoka juu, na akajua kwamba mtoto amemaliza na wanawake wanamrushia peremende za baraka kama ilivyo desturi. Alisimama mpaka vikaisha. Kisha akaendelea, maana aliapa kupanda, hakuapa kuwahi.

Nehorai alikuwa amekaa langoni, shavu limejaa peremende.

"Mama, umechelewa."

"Nimechelewa. Nisomee."

"Gombo limeshafungwa. Halafu mjomba anasema nimesoma vizuri."

"Mjomba wako hata wimbo wa taifa humshinda. Jikoni kwangu ulisoma kipupwe kizima bila gombo."

Nehorai akatema peremende kiganjani, akaanza kusoma kwa kukariri. Zohara, asiyejua kusoma herufi za gombo, alifumba macho. Punde akainua kidole.

"Umeruka."

"Sijaruka."

"Pale huwa unapandisha sauti mara mbili. Umepandisha mara moja."

Mtoto akaitazama njia inavyojipinda mpaka chini kabisa, akalitazama goti la mama yake lilivyovimba. Akaanza tena tangu mwanzo.