Mama Tovuti na Sheria Yake

Kazini kwake wanamwita Mama Tovuti, ingawa hajazaa na wala hana haraka hiyo. Mimi namwita Dada. Nikithubutu kumwita kwa jina lake, mama yetu yuko tayari kunichapa hata leo, mtu mzima mwenye cherehani yangu na watoto wangu.

Dada anajenga tovuti ambazo mimi na wewe hatutaziona kamwe. Si za kuuza viatu, si za habari za mpira. Ni tovuti za ndani ya ofisi: mfanyakazi akifika asubuhi anafungua kompyuta na kukuta matangazo, namba za simu za kila idara, ratiba ya magari, ombi la likizo, nani anaumwa na nani kafiwa. Siku aliponieleza nilimwambia, "Kwa hiyo umejenga ubao wa matangazo wenye umeme." Alininunia. Baadaye akapiga simu akicheka, akasema ukweli haukuwa mbali sana na hapo.

Shirika lake ni la usambazaji wa maji, lina matawi huko na huko. Kabla yake, tangazo lilichapwa na kubandikwa kwenye mlango wa choo, maana ndiko kila mtu alikopita. Watu wa matawini walikuwa wakipata habari za kikao wenzao wakiwa wameshakunywa chai ya kikao na kutawanyika. Dada hakukimbilia kompyuta. Alizunguka matawi yote, akaketi na watu kwenye viti vyao vibovu, akawauliza: kila siku unatafuta nini, na unamsumbua nani ili ukipate? Aligundua kwamba kitu walichokitafuta kuliko vyote ni kujua kama mkurugenzi yumo ofisini. Akaweka alama ndogo ya kijani, inawaka mkurugenzi akiingia. Watu walifurahi mno. Mkurugenzi ndiye aliyeomba iondolewe.

Yote hayo ni mazuri, na mimi nilijisifu naye kwa wateja wangu mpaka wakachoka. Kilichonitia hasira ni ile sheria.

Fundi aliyekuwepo kabla ya Dada aligombana na wakubwa, akaacha kazi na kuondoka na maneno yote ya siri kichwani. Shirika likabaki limefungiwa nje ya nyumba yake lenyewe. Mishahara ilichelewa, mafundi wa mabomba hawakujua waende wapi. Dada alipochukua nafasi akaapa jambo hilo halitajirudia. Akaandika ndani ya tovuti sheria hii: msimamizi wa tovuti hatakwenda likizo wala kuacha kazi mpaka mfanyakazi mwingine akubali kushika nafasi yake, kwa kubonyeza kitufe kilichoandikwa "Nimekubali". Mkurugenzi alimpigia makofi mbele ya watu. Sheria ikaingizwa kwenye kanuni za shirika, ikapigwa muhuri.

Halafu macho ya mama yakaanza kuharibika.

Mama anaishi kwangu, safari ya kutwa nzima kwa basi kutoka kwa Dada. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Dawa zingejaribu tu kuchelewesha kilichobaki. Mama hakulia. Alisema, "Nataka nimwone yule mkubwa wangu. Nimwone vizuri, nimshibe, halafu hilo giza lije likitaka." Tulimjaribu kwa simu ya video. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akanirudishia. "Naona ukungu unaongea," akasema.

Dada akaomba likizo siku hiyo hiyo, kupitia tovuti aliyoijenga mwenyewe. Tovuti ikamjibu kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe: "Ombi lako limepokelewa. Linasubiri mwenzako akubali. Tafadhali kuwa na subira."

Mwenzake yupi sasa? Alimfuata mhasibu, ambaye anaelewa kompyuta kuliko wote pale. Mhasibu akamwambia, "Dada yangu, kwa mama nitakuombea usiku na mchana. Lakini nikibonyeza pale na mimi nitanasa kama wewe." Na alisema kweli, kwa sababu ukishakubali, wewe ndiye msimamizi, nawe hutoki mpaka upate wa kukupokea. Hilo Dada hakuliwaza alipokuwa akiandika. Wengine wakawa wanapinda kona wakimwona koridoni. Wale wale aliowapunguzia kazi, wanaomletea soda siku ya mshahara.

"Si wewe uliyeijenga?" nilimwambia kwenye simu. "Ibomoe!"

"Naweza kuibomoa sasa hivi, tunavyoongea."

"Basi unangoja nini?"

"Mdogo wangu, yule fundi aliyepita na yeye alikuwa na sababu zake."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilikuwa na hasira ya kuvunja vyombo. Uaminifu gani huu wa kumlinda mkurugenzi na kumwacha mama? Lakini ndivyo alivyo tangu utotoni: tukicheza, yeye ndiye anayetunga sheria za mchezo, na yeye ndiye wa kwanza kujitoa akizivunja bila kuonekana. Alikwenda kwa mkurugenzi kuomba ruhusa ya kuiondoa. Mkurugenzi akasema jambo hilo ni la bodi, na bodi itakaa.

Bodi haikukaa. Kila wiki Dada alituambia, "Wiki ijayo nakuja." Kila asubuhi tovuti ilimtumia ujumbe wa kumkumbusha kuwa na subira. Na mama alikuwa anauliza taa imezimwa na nani, ilhali dirisha liko wazi na jua limejaa chumbani.

Mwisho nikafunga cherehani. Nikamvalisha mama gauni lake zuri, tukapanda basi la usiku.

Ofisi ya Dada iko mwisho wa korido, karibu na chumba chenye baridi ambamo mashine za tovuti zinanguruma kutwa nzima. Haina dirisha. Kuna meza, viti viwili, feni iliyogeuziwa ukutani, na sweta lake nyuma ya mlango. Mlango ulikuwa nusu wazi, nami nikamwona yeye kabla hajatuona. Amekonda. Macho yamezama. Mama akanivuta mkono, akaninong'oneza:

"Amevaa nini?"

Mwanzoni sikuelewa. Nilidhani bado kuna kidogo anachoona. Nilimtazama usoni, macho yake yalikuwa yanautazama ukuta, nikaelewa.

"Blauzi ya njano niliyomshonea," nikamjibu kwa sauti ya chini. "Vifungo vyeusi. Kola imemkalia upande wa kushoto. Amesuka nywele zote kurudi nyuma."

"Vizuri. Nipeleke."

Dada aliruka kutoka kitini. Walikumbatiana mpaka nikahisi mimi ndiye mgeni pale. Kisha mama akamshika mabega, akamsogeza mbali kidogo, kama mtu anayepima nguo, akatulia akimwelekea.

"Hebu nikuone," akasema. "Njano inakupendeza, mwanangu. Na hizo nywele za kurudi nyuma, paji lako la uso ni la bibi yako kabisa. Lakini wewe na kola!" Akapeleka mkono upande ule ule niliomtajia, akaiweka sawa. "Mtu mzima hajui kuvaa kola."

Dada alilia kwa sauti. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. "Unaniona, mama! Nilikuwa naogopa nimechelewa."

"Nakuona vizuri. Nimekushiba. Sasa usijitese tena na hao watu wako, fanya kazi."

Mkurugenzi akapita, akasikia kilio, akachungulia. Alipoelezwa alifurahi kweli, yule mtu hana roho mbaya. Akampa mama mikono miwili, akamsifia Dada mpaka basi. Halafu akasema, "Mungu mkubwa. Basi na lile ombi, Mama Tovuti, si tulifute? Bodi haina haja ya kusumbuka tena."

Dada akajifuta uso. Akaketi, akafungua ukurasa, na ukamuuliza kama ana uhakika. Nilifungua mdomo. Mama, ambaye hakujua nimesimama wapi, alinyoosha mkono hewani mpaka akaupata wa kwangu, akaubana. Vidole vyake viliniuma.

Dada akabonyeza. Ombi likafutika.

Kwenye basi la kurudi nilimuuliza mama kwa nini. Hakuna niliyetaka kumgombeza zaidi yake siku ile.

"Ningemwambia nini?" akasema. "Kwamba amechelewa? Huo mzigo angeubeba maisha yake yote, na kule ndani bado hatoki."

"Na mimi je, nitaubeba mpaka lini?"

"Wewe una mdomo mkali," mama akanijibu. "Utaweza."

Dada bado yuko kule. Hajaomba likizo tena. Anasema haraka imekwisha, atakuja bodi ikikaa. Hunipigia simu Jumapili, na kila mara, kabla hatujaagana, husema lile lile: "Angalau aliniona." Mama huwa ameketi kando yangu, amegeuza uso wake upande inakotoka sauti, ananisubiri.

"Ndiyo, Dada," namwambia. "Alikuona."