Kiti cha Manjano Kwenye Duka la Miwani

Mtaa mzima ulimwita Dokta, naye alishachoka kuwakatalia. Alikuwa mpima macho, basi. Nyuma ya pazia alipima, akaandika namba za lenzi, akanyamaza. Kuuza hakujua. Kuuza ilikuwa kazi ya mkewe, ambaye wateja walimwita Shangazi, na aliyekaa kando ya kioo ndani ya sweta lake la manjano ya bizari, jua liwake, mvua inyeshe.

Wasiovaa miwani hawaijui shida hii: mtu mwenye macho mabovu akivua miwani yake ili ajaribu fremu mpya isiyo na lenzi zake, kwenye kioo haoni kitu ila ukungu. Anajichagulia sura gizani. Shangazi ndiye aliyekuwa macho yao. "Vua hiyo, baba, unafanana na bundi aliyefiwa," alimwambia mtu, naye akacheka, akavua, akanunua aliyochaguliwa.

Shangazi akafariki ghafla, kwa shinikizo la damu. Ndugu ndio waliowapigia watu simu. Dokta neno lenyewe hakuwahi kulitamka. Mteja akimuulizia, alijibu, "Hayupo," akarudi nyuma ya pazia. Moyo ulikuwa umemvunjika, na duka nalo likaanza kufa. Ng'ambo ya barabara likafunguliwa jingine, jeupe, linang'aa kama meno ya bandia, na wateja wakahamia huko.

Ndipo binti yake, ambaye kazi yake ni kubuni mapambo ya ndani ya maofisi na maduka, akaja na futi yake ya kupimia.

"Baba, duka letu halina sura. Mtu akifumba macho akalikumbuka, anaona nini?"

Dokta akatazama kiti kitupu kando ya kioo.

"Anamwona mama," binti akajijibu mwenyewe.

"Basi mweke. Usiniondolee mama yako humu."

Huo ndio ukawa mchoro wote. Manjano ya bizari yakapakwa kwenye kibao cha nje, yakaingia kwenye mifuko na kwenye vitambaa vya kufutia lenzi. Rafu za mbao zikashushwa zilingane na macho ya mtu aliyeketi, maana Shangazi hakupenda kumuuzia mtu aliyesimama. Taa zikaelekezwa ukutani, zisimpige mtu usoni. Kando ya kioo, kiti chake kikavalishwa kitambaa cha rangi ileile. Binti aliisaka rangi hiyo duka kwa duka, sweta la mama yake mkononi, akilia barabarani bila kujificha.

Siku ya kufungua, watu walijaa. Dokta alisimama katikati yao na, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akajisikia kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta taa inawaka.

Hapo akaingia mwalimu mstaafu, mteja wa zamani aliyekuwa amehamia mbali kwa mwanawe, mwenye lenzi nene kama vitako vya chupa. Akachagua fremu, akavua miwani yake, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Akatikisa kichwa. Kisha akageukia kiti, akatabasamu.

"Shangazi, kumbe upo! Haya, niambie ukweli. Nimependeza?"

Watu wakageuka kukitazama kile kiti kitupu. Mwalimu akangoja, kidevu juu, akigeuza uso huku na huku ili aonekane vizuri.

"Mbona umeninunia? Au kwa sababu nilipotea?"

Binti akaziba mdomo kwa viganja, akakimbilia nyuma ya pazia. Dokta alitaka kumzuia mzee wa watu, lakini mguu haukunyanyuka. Alimwonea wivu, wivu wa kweli, unaouma. Yule bado alikuwa anamwona. Yeye, kwa bahati mbaya, macho yake yalikuwa mazima.

Mwishowe akasogea, akamshika mkono.

"Mwalimu, vaa miwani yako."

"Subiri kwanza anijibu."

"Hawezi kukujibu. Mke wangu amekufa."

Alilisikia neno hilo kwa sauti yake mwenyewe, mbele za watu. Akaketi palepale pa mkewe, juu ya kitambaa kipya, akalia kwa sauti, huku mwalimu akipapasa mezani kutafuta miwani yake.