Niliwazalisha Wanawake Ishirini Kwenye Karatasi

Kosa ni langu. Sitaki mtu anisaidie kulibeba, wala anitafutie visingizio. Visingizio nimevisikia vya kutosha, na vingi nilivitunga mwenyewe.

Mimi ni tabibu. Ndiyo, hao hao mnaowaamkia kwa adabu na kuwapelekea kuku! Serikali ilinisomesha bure: ada, chakula, kitanda cha chuo, mpaka madaftari. Sharti lilikuwa moja. Nusu mwaka wa mwisho nikae kwenye zahanati ya kijiji, nijifunze kazi kwa wanaoijua, na nikihitimu nirudi huko huko kutibu watu wasio na daktari. Nikapelekwa kijijini kwetu hasa, ukingoni mwa ziwa, mbele ya Kisesa. Jina la kijiji silitaji, wenyewe wanalijua.

Walivyonipokea! Mkutano, vigelegele, mwenyekiti akanipa chumba kilichopakwa chokaa mpya. Posho ya serikali ikawa inanifuata kila mwezi. Na katika chumba kile nililala siku nne.

Siku nne, jamani!

Ndiyo kwanza serikali ilikuwa imetoa ruksa ya biashara. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zinachipuka Mwanza kila kona, na mwenye zahanati moja ya Mkolani alikuwa anatafuta wanafunzi wa utabibu, maana wanafunzi hawadai mengi. Nikakimbilia huko. Nikavaa koti jeupe, nikaning'iniza kipimo shingoni, nikawa "Dokta". Kazi yenyewe ilikuwa kuchoma sindano. Anayeumwa kichwa, sindano. Anayekohoa, sindano. Aliyegombana na mumewe akakosa usingizi, sindano! Na wateja walizitaka wenyewe, ukimpa mtu vidonge anakuona hukusoma. Posho niliyopewa ili nijifunze kwa wanakijiji niliilia mishikaki mjini.

Kikwazo kilikuwa kimoja, daftari la mazoezi. Chuo kilitaka niwe nimewazalisha wanawake ishirini, kila mmoja na maelezo yake na saini ya msimamizi. Nililijaza mchana mmoja, nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, soda mkononi. Majina niliyaokota kwa shangazi zangu na wanakwaya wa kanisani. Mmoja nilimzalisha mara mbili ndani ya miezi mitatu! Na kwa kuwa daftari zuri halikosi kesi ngumu, nikaandika: mtoto alitanguliza matako, nikamvuta taratibu, mama na mtoto wazima.

Nikalipeleka kijijini kwa Mayu Kabula, mayu ni mama kwa Kisukuma, mkunga wa ile zahanati niliyoikimbia, mtu mzima aliyezalisha nusu ya kijiji, mimi nikiwemo. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari.

"Mwanangu, hawa umewazalishia wapi? Wengine nilikuwa nao mnadani juzi, mimba hawana."

"Mayu, weka saini tu. Ni utaratibu wa chuo."

"Na huyu wa matako, umemvuta? Hatumvuti mtoto wa namna hii. Kaa hapa, mwezi huu nina watatu wanakaribia, nitakuonyesha..."

Nikampokonya daftari kabla hajamaliza. Mwanamke wa darasa la nne anifundishe mimi wa kidato cha nne! Ndivyo nilivyowaza, na nikajiona nina akili.

Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, mzee aliyekuwa anahesabu siku za kustaafu, aliweka saini zote ishirini bila hata kuvaa miwani. Nilikuwa nimempelekea koti la mtumba. Lilimkaa vizuri kweli.

Nikafaulu. Tena kuna mwalimu alinisifu mbele ya darasa kwa ile kesi ya matako! Wakubwa wale wanakagua karatasi. Ikiwa na saini na muhuri, basi mtu ameiva. Hakuna aliyepanda hata baiskeli kwenda kuuliza kijijini kama wamewahi kuniona. Serikali ikanirudisha pale pale, mzee akaondoka na koti lake, mfawidhi nikawa mimi. Ningeweza kumwambia Mayu Kabula siku hiyo hiyo: sijui, nifundishe. Badala yake nikatangaza kwamba uzazi "tunashirikiana", maana yake yeye anazalisha, mimi naandika.

Sasa niwaambie habari za Minza, mke wa kaka yangu. Alikaa miaka mitano ndani ya nyumba yetu bila mtoto, na aliyemsema kuliko wote ni mama yangu mzazi. Minza alikonda kwa maneno. Alipopata mimba, kaka alitaka akajifungulie hospitali mjini, yeye akakataa. "Niende kwa watu baki, na shemeji yangu ni daktari?" Aliwatambia wenzake kisimani, maskini.

Uchungu ulimshika asubuhi, siku ambayo Mayu Kabula alikuwa msibani Kisesa. Nilimpapasa tumbo, nikakuta kichwa kiko juu, chini ya mbavu. Nilijua maana yake: matako ndiyo yanatangulia. Hapo nje gari la wanunuzi wa sangara lilikuwa linapakia, linakwenda Mwanza. Mama akaniuliza mbele ya watu, "Baba, tumpakie aende? Dereva amekubali."

Watu wote wananitazama. Nikasema kwa sauti, "Mke wa kaka yangu apande na sangara? Kesi hizi nimeshazifanya."

Minza akanishika mkono. "Umewahi kweli, shemeji?"

"Nimewahi."

Gari likaondoka. Kaka aliuona uso wangu, akachukua baiskeli kumfuata Mayu Kabula.

Mchana mtoto akaanza kutoka. Matako, miguu, tumbo. Wa kiume, anarusha miguu! Kisha akakwama. Nikafanya nilichokiandika daftarini, nikavuta. Kila nilivyovuta ndivyo alivyozidi kukwama, na mimi mdomo wangu unarudia "sukuma, sukuma" kama redio mbovu.

Mayu Kabula alipofika, miguu ilikuwa imetulia. Alinisogeza kwa kiwiko, akaingiza mkono, akatuliza, akainua, kichwa kikatoka. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu, kwa anayeijua. Akamfunika mtoto kwa khanga.

"Ulimvuta," alisema. Hakuwa anauliza.

Minza alisikia.

Mnadhani niliadhibiwa? Thubutu! Kwenye taarifa ya mwezi niliandika "amezaliwa mfu", wilayani wakagonga muhuri. Wanakijiji wakaja kunipa pole mimi, mimi! "Kazi ya Mungu, daktari." Mungu anasingiziwa mengi katika nchi hii.

Nilishindwa kula. Baada ya wiki kadhaa nikaenda kwa kaka, nikawakalisha wote, nikaeleza kila kitu: Mkolani, daftari, soda, koti la mtumba. Kaka alitoka nje. Minza alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniua:

"Shemeji, gari lilikuwepo."

Tangu hapo nakaa nyuma ya Mayu Kabula, nashika taa, naosha vyombo, nafokewa mbele ya wagonjwa. Nimejifunza. Nimejifunza kwa bei ya mtoto wa watu.

Mwezi uliopita Minza alipita mbele ya zahanati, mimba ya miezi minane, anakwenda Kiseke, kule Mwanza mjini, kwa ndugu zake, asubiri siku zake karibu na hospitali. Mama yangu alikuwa amembebea begi. Nilikuwa mlangoni na koti langu jeupe. Mtu mmoja akawauliza mbona wanaipita zahanati ya mtoto wao. Mama hakunitazama hata kidogo.

"Tunampeleka kwa watu waliosoma," akasema.

Wewe uliyepangiwa kijijini mwaka huu, unayenisoma ukiwa umejificha kwenye zahanati ya mtu mjini, najua upo! Daftari lako liko kwenye mkoba, umeshaanza kuokota majina ya shangazi zako. Panda gari urudi. Mkunga wako yupo, mwambie hujui kitu. Atakucheka, atakuita mtoto wa mjini, atakupiga kofi mkononi ukigusa pasipoguswa. Lakini ukikosea akiwa pembeni yako, mtoto atalia. Nenda kafokewe.