Ua la Bi Nosipho

Pua ndiyo iliyokuwa ya kwanza kujua tumefika nyumbani. Mlango wa jengo letu pale Langley Park, ughaibuni, ukifunguliwa, ilikupokea harufu ya chapati za mahindi za majirani wa El Salvador, kisha vitunguu, kisha, ghorofa ya tatu, iliki ya mama. Juu ya zote ilikaa harufu ya vyuma vya kupasha joto, ambavyo hatukuweza kuvipunguza. Mwenye jengo ndiye aliyeamua tuive kiasi gani. Sisi ni watu wa Tanga, joto tunalijua, lakini lile lilikuwa joto la kuonea watu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikwisha kumtoka, kwa hiyo nyumbani hapakununuliwa hata soksi ya mtoto, na kutaja majina kulikuwa mwiko. Mimi nilikuwa nimeshamchagulia mdogo wangu jina, nikilitamka chini ya blanketi tu. Mlango wa pili aliishi Bi Nosipho, Mxhosa wa Afrika Kusini, aliyefanya kazi pamoja na mama ya kuwauguza wazee majumbani. Alikuwa na ua ndani ya ndoo kuukuu ya rangi: majani marefu kama mikanda, na wakati wa kiangazi shina moja lililobeba fungu la maua ya buluu. Aliliita isicakathi. Alitueleza kwamba kwao mjamzito hunywa maji ya mizizi yake, au huivaa shingoni ikiwa imetungwa kwenye uzi, ili mtoto azaliwe na nguvu. Mama alikataa kunywa, akasema dawa za daktari zinamtosha. Kuhusu kuvaa alinyamaza. Baba ndiye aliyekata shauri: kama ni ua, likae, kama ni hirizi, litoke. Mama akasema ni ua.

Novemba Bi Nosipho akaitwa kwao kumzika mama yake. Alituachia ndoo, na agizo akanipa mimi: ua lisitoke nje, baridi italiua. Akirudi, angemtungia mama uzi kwa mkono wake. Nilijivuna siku nzima. Lakini usilolijua ni kama usiku wa giza. Kwetu Tanga maua hulala nje, hunywa umande, na asubuhi huamka yamependeza. Hili letu lilikuwa linanyauka kando ya vile vyuma, ncha zake zimekauka, nikalionea huruma. Alasiri moja ya jua nikalitoa kibarazani, nikalimwagilia maji tele, nikaliacha lingoje umande. Asubuhi maji yalikuwa barafu na majani yamelala, laini kama mchicha uliopikwa. Niliyakata kwa mkasi wa shule, nikasawazisha udongo, nikamwambia mama kwamba ua limelala, kama miti ya huku. Alinitazama, akasema, "Haya."

Mdogo wangu alizaliwa Januari, na hakulia. Nilimwona mara moja tu, msikitini, kifurushi cheupe ambacho baba alikibeba kwa mkono mmoja. Watu wazima walisema ni kazi ya Mungu, hakuna ajuaye sababu. Mimi niliijua. Bi Nosipho aliporudi alikaa sakafuni na mama wakalia, kisha akaichukua ndoo bila kuuliza neno. Nilikuwa nimejifungia bafuni, nangoja kuitwa muuaji. Hakuna aliyeniita. Nililia hadi kifua kikauma, na tangu siku hiyo nikawa mtoto mtulivu ambaye walimu walimsifu.

Siku hizi ninaishi Oxon Hill, na joto la nyumba nalipunguza kwa kidole. Binti yangu humsikiliza bibi yake kwa Kiswahili, humjibu kwa Kiingereza. Ua lile linauzwa madukani, na kibandiko chake kinaonya juu ya baridi. Kila nikikisoma huondoka bila kununua nilichofuata. Baba alifariki, na mwaka jana nikamhamishia mama kwangu. Nilipokuwa nikipanga kanga zake nilikuta kopo la biskuti, na ndani yake uzi mweusi wenye vipande saba vikavu, kama tangawizi iliyosahauliwa. Nikamuuliza ni nini.

"Mizizi ya Nosipho," alisema. "Haikufa yote. Nilikuona ukikata majani. Ulipokwenda shule nikaifukua, nikaitunga mwenyewe. Niliivaa ndani ya nguo mpaka hospitali, baba yako asijue."

Nilikaa kitandani. Nikamweleza yote: umande, barafu, bafu. Mama huyu, ambaye maisha yake yote aliwaambia wagonjwa kwamba mficha uchi hazai, alikunja kanga ile ile mara tatu kabla hajasema.

"Mimi nilidhani umeyakata kwa kuwa hukumtaka mtoto. Nikaogopa kukuuliza, mwanangu. Niliogopa utasema ndiyo."

Zaidi ya miaka ishirini tumepikiana, tumeuguzana, na kila mmoja alikuwa amelibeba kaburi lile upande wake. Nilimtajia jina lile la chini ya blanketi. Mama akalirudia mara mbili, polepole, kama anayemwita mtoto aje kula.