Saa ya Kuzamia Niliyoichagua Mwenyewe

Mume wangu alikuwa mzamiaji mahali ambapo hakuna bahari. Anayetaka kucheka acheke. Wakati wa rashi, dhahabu ilipowafanya watu waache mihogo shambani na kumiminika Kemambo, maduara mengi, yale mashimo ya wachimbaji, yalikuwa yamejaa maji, na ilikuwa lazima mtu ashuke humo. Pampu ikizibwa na tope, yeye alibana pumzi, akazama, akasafisha kichujio, akapanda. Magogo ya kuzuia kuta yakilegea kule chini zaidi, alivaa mtungi wa hewa akakaa huko kwa muda mrefu. Maji yalikuwa yale yale, rangi ya chai ya maziwa.

Kamba ya katani ilifungwa kiunoni mwake, na mwisho wake niliushika mimi. Wazee wa duara walinung'unika kwamba mwanamke haketi mdomoni mwa shimo, dhahabu itakimbia. Lakini nani mwingine angeishika? Wanaume waliobaki juu walikuwa rika lake, waliotahiriwa naye msimu mmoja, na kwetu mwanamume hamwiti mwenzake wa rika atoke kwenye hatari. Ni kama kumwambia umeogopa. Wangemwacha huko chini kwa heshima zote. Mimi heshima hiyo sikuwa nayo. Nimetoka Machochwe, kwa watu wa ng'ombe, na kuvuta kamba najua tangu utoto.

Kipimo chetu kilikuwa pumzi yangu. Alipozama, nami nilibana. Ikinishinda naachia, navuta nyingine, nabana tena. Ikinishinda mara ya pili, navuta kamba. Akiibuka, uso mzima tope, alinitazama mimi kabla ya kutafuta hewa. Hapana, hapo nimetia chumvi: alitafuta hewa kwanza. Lakini wa pili nilikuwa mimi, na sijatazamwa vile tena.

Mtungi ndio uliotushinda. Huko pumzi yangu haikupima kitu. Siku moja alitoka na mtungi, akala ugali, akaitwa tena na pampu, akazama kwa pumzi. Jioni viungo vikamuuma hata akashindwa kuinua kikombe. Mzamiaji mmoja wa ziwani akatuambia tumepona kwa bahati: hewa ya mtungi hukaa mwilini, na anayezama kwa namna zote mbili anahitaji saa inayojua zote mbili. Wenzake wa duara wakachanga, tukavuka mpaka pale Sirari hadi dukani kwa mume wa dada yangu, ambaye huagiza vitu Mombasa.

Akaweka saa mbili juu ya kaunta. "Shemeji, hii iko na rangi poa, unaona kila kitu," akasema.

"Ya mtungi na ya pumzi, zote zimo?"

"Zote ziko. Lakini hii ya rangi, ukitoka kwa mtungi uende kwa pumzi, inaanza upya. Hiyo ingine inakumbuka."

Mume wangu alikuwa ameshaivaa ya rangi na anaugeuzageuza mkono kwenye mwanga wa mlangoni. "Mchagua jembe si mkulima," akanitania.

"Mkulima ni wewe," nikamwambia. "Jembe niachie mimi."

Nikaendelea kuuliza. Sisi tuko milimani, saa zimetengenezewa bahari, zitaelewa? Shemeji akasema unaziambia uko juu kiasi gani, zinajirekebisha. Na kwenye tope, ambako mtu haoni hata kiganja chake, rangi zitasaidia nini? Akasema basi tusikie milio. Akabonyeza ile ya rangi, ikalia kwa nguvu, na mume wangu akaifunika haraka kwa kiganja, akatazama mlangoni kama kuna aliyesikia. Nikajua angeizima sauti siku ya kwanza. Mwanamume wa rika lake haitwi kwa kengele kama mtoto wa shule. Ile nyingine haikulia, ilitikisika tu mkononi, kimya kimya, na mtu angeweza kuitii bila mwingine kujua. Nikaichagua hiyo. Alinuna mpaka tulipofika nyumbani.

Mara ya kwanza kuzama nayo, aliibuka mwenyewe kabla pumzi yangu ya pili haijaisha. "Imenigusa," akasema, "kama wewe unavyovuta." Nilifurahi mno.

Baada ya muda mfupi wazee wakasema sasa hakuna haja ya mama kukaa shimoni. Kamba ikafungwa kwenye gogo. Mume wangu hakubisha, nami ningebisha kwa hoja gani? Nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nikarudi kwenye mihogo, na kila pampu iliponyamaza nilisimamisha jembe na kubana pumzi, bila kujua kama amezama au wanabadilisha mafuta tu. Niliitamani ile hofu. Ni aibu kusema, lakini niliitamani, kwa sababu ndani yake alikuwa amefungwa kwangu.

Rashi ilipopoa alipata kazi Musoma, kukarabati mabomba ya maji ndani ya ziwa. Anakuja nyumbani mara chache, amenenepa, anaongea na simu. Mwezi uliopita alituma kifurushi kwa basi. Ndani ilikuwa ile saa. "Kazini wamenipa nyingine kubwa," aliniambia kwenye simu. "Hiyo nitunzie."

Niliivaa nikaenda nyuma ya nyumba kwenye pipa la maji ya mvua, nikazamisha mkono mpaka begani. Kioo kikawaka. Ilijua ni maji. Nikabana pumzi nikasubiri initikise. Nilipoachia ilikuwa bado kimya, maana pipa halina kina cha mtu kuitwa arudi. Nikabana ya pili. Ilipoisha, mkono wangu ule mwingine ulikuwa umekunjwa hewani, tayari kuvuta.