Pua Hii Ni Yangu

Mimi ni mtu wa kujivuna, na kwa umri huu sioni sababu ya kulificha. Babu yangu alipanda kutoka Maniema kwa miguu, mzigo wa chumvi kichwani na msahafu kifuani, akaishia hapa Kashebere, na kabla ya kujenga nyumba akajenga mahali pa kuswali. Ninajivunia hilo. Ninajivunia msikiti wetu wa mbao, ingawa ni mdogo na mvua ikiwa kali tunasogea upande mmoja. Ninajivunia mkono wangu wa pilau, na anayebisha aje Idi ijayo aonje. Lakini sijawahi kujivunia kitu kama nilivyomjivunia mjukuu wangu wa kwanza.

Binti yangu alikaa miaka saba kwenye ndoa bila mtoto. Miaka saba, jamani! Watu walikuwa wanamtazama tumbo kwanza, ndipo wanamsalimu. Mwaka wa nane akajifungua msichana, mnene, ana nywele mpaka masikioni. Siku arobaini zilipotimia nikamwambia binti yangu ajipumzishe, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda naye sokoni.

Siku ya soko Kashebere hapapitiki. Malori ya Walikale yanashusha mafuta ya mawese na ndizi, ya Masisi yanashusha maharagwe na jibini, na pikipiki zinapiga honi katikati kana kwamba barabara ni ya baba zao. Nilipita kote humo. Kila niliyemjua nilimsimamisha, nikafungua kitenge, nikamwonyesha. "Muangalie pua hii," nikawa nasema. "Pua hii ni yangu. Baba yake hana hata kipande humu!" Sikuchoka. Wauza nyanya walisikia, wauza viatu walisikia, na fundi wa matairi, kwado kama tunavyomwita hapa, naye alisikia. Huyo kwado ndiye pia anayetuswalisha msikitini, na watu wote wanamwita Mwalimu.

Mwisho nikafika kwa jirani yangu. Ni Mkatoliki, mtu wa upande wa Butembo, ana duka la chumvi, sabuni na vitenge, mlango wake unatazamana na wangu. Tumekaa hivyo tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Noeli ikifika hununua kuku mzima, anamleta kwa Mwalimu amchinje, ili sisi tule bila wasiwasi. Idi ikifika mimi nampelekea sahani ya pilau, na sahani haijawahi kurudi tupu: inarudi na mayai, ao na sabuni, ao na vipande vya mihogo. Na vita vilipotusukuma sote mpaka Bweremana, kando ya ziwa, mimi nilikimbia na watoto nikausahau msahafu wa babu. Yeye ndiye aliyeingia nyumbani kwangu akauchukua. Alikuwa amesikia kwamba hauwekwi chini, basi akaubeba kichwani njia nzima, umefungwa kwa kitenge kipya cha dukani, na magodoro yake mwenyewe akayaacha. Huyo ndiye mtu ninayemsimulia.

Tena ni mtu wa kusifu. Akiona maharagwe yako, atayasifu. Akiona dereva amerudisha lori nyuma bila kugonga kitu, atampigia makofi. Basi nilipomfungulia mtoto, akashika mashavu yake mwenyewe kwa mikono miwili.

"Eee! Mutoto muzuri hivi! Angalia hii mashavu! Mungu njo fundi, dada. Hakuna fundi mwingine."

Nikacheka, nikamfunga mtoto, nikarudi nyumbani kichwa juu.

Asubuhi yake mtoto akakataa ziwa. Analishika, anavuta mara moja, anatupa kichwa nyuma na kulia. Mpaka adhuhuri amelia akachoka, na binti yangu naye analia, maziwa yanalowesha nguo. Nilimsomea zile sura mbili za kuomba kinga, nikampulizia, nikasoma tena. Moyoni nilikuwa nimeshapata jibu langu. Sisi Waislamu tunaamini kwamba jicho ni kweli. Mtu anaweza kukitazama kitu kwa husuda, ao hata kwa kukipenda tu bila kumtaja Mungu, na kitu kikaharibika. Na nani alikuwa amemtazama mtoto kwa macho yale yote, bila kusema mashallah?

Hapo ndipo nilipofanya ubaya wangu. Nilienda kuchota maji kwenye robine, pale wanawake wanapopanga mabidoni yao foleni, na mmoja akaniuliza mtoto yuko namna gani. Ningesema anaumwa, basi, yangeishia hapo. Lakini mimi na mdomo wangu! "Iko na macho mabaya yule mama wa duka," nikasema. "Alimuangalia mutoto jana, leo mutoto hanyonyi." Nilisema kwa sauti, maana sijui kusema kwa sauti nyingine. Wanawake waliokuwa wanapiga soga wakageuka, na nikaona mmoja anavuta kitenge kumfunika mtoto wake wa mgongoni, ingawa jirani yangu hakuwapo hata karibu.

Kutoka robine nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Alikuwa amechuchumaa kando ya barabara, tairi la pikipiki amelizamisha kwenye beseni la maji, anatafuta tundu.

"Mwalimu, nataka maji."

"Maji gani?"

"Ya jirani. Anawe uso na mikono, maji yake tumumwagie mutoto. Si njo dini inasema hivyo, mwenye jicho anawe?"

"Inasema," akajibu. Alitoa tairi kwenye maji, akalifuta. "Huyo mama alisema nini alipomuona mutoto? Nipe maneno yake, si ya kwako."

Nikayatoa, kwa kubana meno: mutoto muzuri, mashavu, Mungu njo fundi, hakuna fundi mwingine.

"Rudia ya mwisho."

"Mungu njo fundi. Hakuna fundi mwingine."

Akapiga pampu mara mbili, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. "Na weye? Ulisema mashallah?"

Nikajishughulisha na kufunga kanga yangu upya.

"Mimi nilikuwa hapa hapa, Mama. Nilikusikia. Hukumtaja Mungu hata mara moja. Ulitaja pua."

Lo! Nilitamani beseni lile linimeze. Mwalimu akianza mambo ya dini huacha Kiswahili cha barabarani, anasema kile cha vitabuni, polepole. Akaniambia kwamba jicho halingojei chuki. Mtu anaweza kumpiga jicho mtoto wake mwenyewe, shamba lake mwenyewe, hata nafsi yake akijitazama kwenye kioo na kujipenda mno. Ndiyo maana tumefundishwa kumtaja Mungu tunapopendezwa. "Jirani yako alimtaja," akasema, "kwa lugha yake. Ukitaka maji ya mtu, anza na yako. Lakini kabla ya maji, peleka mtoto kwenye kituo cha afya, leo hii."

Niliondoka nimekasirika. Kwado ananifundisha mimi, mjukuu wa mtu aliyejenga msikiti! Lakini nilimpeleka mtoto. Muuguzi akamfungua mdomo, akamulika kwa taa ya simu, akatuonyesha utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu. Vidonda tu vya mdomo, akasema, watoto wachanga wengi wanavipata, mama aliyeleta mtoto asubuhi alikuwa na shida hiyo hiyo. Akatupa dawa ya matone. Na kunawa, je? Nilinawa. Nilinawa uani, mlango nimeufunga kwa kabari, mtu asinione, nikamwagia mtoto yale maji. Siku ya tatu akanyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni. Dawa ilikuwa ya kituo cha afya, maji yalikuwa yangu, na aliyeponya ni Mungu. Sikutaka kuulizwa zaidi ya hapo.

Kwa upande wangu mambo yalikuwa yamekwisha. Kumbe kwa jirani ndiyo yalikuwa yanaanza. Maneno yangu ya robine yalikuwa yameshazunguka Kashebere yote na kurudi yakiwa yamenenepa: eti aliwahi kusifu ng'ombe wa mtu akafa, eti alisifu mahindi ya fulani yakaliwa na wadudu. Wanawake wenye watoto wachanga wakaanza kuvuka barabara wakikaribia duka lake. Kulikuwa na familia moja ya wakulima wa huku kwetu milimani, Wakatoliki wenzake, waliokuwa wamemwomba awe mama wa ubatizo wa mtoto wao. Alikuwa ameshashona kanzu nyeupe ya huyo mtoto kwa mkono wake, na kola ameipamba. Wakatuma ujumbe kwamba wamepata mtu mwingine.

Hakuja kunigombeza. Afadhali angekuja! Mimi ugomvi nauweza. Nilipoingia dukani kununua chumvi, alinipimia kichwa kimeinama, akanipa, akasema aksanti kwa mizani. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu. Mtu yule aliyekuwa anasifu hata lori likirudi nyuma hakuinua macho. Nilipotoka nikamwona mteja mwingine anaingia na kikapu cha nyanya nyekundu za kupendeza, na jirani yangu anaangalia sakafu tu. Nilijua ni mimi niliyeyashusha yale macho.

Nikapika pilau, wala haikuwa Idi. Nikapeleka. Jioni sahani ikarudi, imeoshwa vizuri, imefutwa, na ndani hamna kitu. Nimevumilia mengi, nimekimbia vita, nimezika. Lakini sahani ile tupu niliishika mikononi nikalia kama mtoto.

Siku ya soko iliyofuata nilivaa kanga zangu nzuri. Nikamwambia binti yangu ambebe mtoto anifuate. Mimi nikabeba beseni na bidoni la maji, nikavuka barabara, nikaweka beseni chini mbele ya mlango wa duka, mahali ambapo malori yote ya Walikale lazima yapite. Dereva mmoja akapiga honi. Nikamwambia angojee, leo barabara ni yangu.

"Wamama!" nikaita, na mkijua sauti yangu mtajua kwamba walisikia. "Miye nilisema kwa robine kama huyu dada iko na macho mabaya. Nilisema uongo. Yeye aliangalia mutoto, akamutaja Mungu. Miye njo niliangalia, nikataja pua yangu. Basi kama kuna jicho, iko hili!"

Nikanawa. Uso, mikono, mpaka viwiko, hadharani, maji yanachuruzika kwenye kanga zangu nzuri, wauza viatu wananitazama mdomo wazi. Nikachota maji yale kwa kiganja, nikayapangusa kwenye kichwa cha mjukuu wangu. Kisha nikamchukua kutoka kwa binti yangu, nikaingia dukani, nikamweka mapajani kwa jirani.

Akafumba macho. Kabisa, akayabana.

"Mutoe mutoto, dada. Nikimuangalia na kesho akikohoa, utanipeleka tena kwa robine."

"Akikohoa, nitamupeleka kwa muuguzi. Muangalie."

"Sitaki."

"Ulibeba msahafu wangu kichwani mpaka Bweremana," nikasema, na hapo sauti yangu, mimi mwenye sauti, ikakatika. "Miye nilikubebesha jina baya kwa siku moja tu. Nisamehe. Sina kitu kizuri kupita huyu mutoto. Kama ningekuwa na kingine kizuri zaidi, hicho njo ningekuletea ukiangalie."

Mlangoni watu walikuwa wamejaa, hata yule dereva alikuwa ameshuka. Mtoto akapiga miayo. Jirani yangu akafumbua macho polepole. Akamtazama mashavu, akamtazama vidole kimoja kimoja, akamtazama uso kwa muda mrefu, na machozi yanamdondoka kwenye kitenge.

"Mungu njo fundi," akasema. Kisha akainua macho kwangu, yale macho yake niliyoyakosa siku zote hizo. "Lakini pua kweli iko yako, dada. Mungu amusaidie mutoto wa watu."

Soko zima likaangua kicheko. Nilicheka mimi, akacheka yeye, binti yangu akajishika mbavu. Ikawa bado tunacheka, mwanamke mmoja akapenya katikati ya watu. Nilimjua: ndiye mama wa yule mtoto wa ubatizo. Alisimama mbele ya jirani yangu, akafungua tu kitenge chake na kumwinamishia mtoto, ili aonekane vizuri.

Jirani yangu akapangusa mikono, akainama, akatazama. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu nyuma yake, chini ya vitenge, akatoa ile kanzu nyeupe yenye kola ya mapambo. Alikuwa ameihifadhi.

Nikasema mashallah, kwa sauti ya kufika mpaka kwa kwado. Binti yangu akageuka kuniuliza ni mtoto yupi ninayemtazama. Sikuwa natazama mtoto. Nilikuwa natazama macho ya jirani yangu.