Mfuko Uliofuliwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa panya. Nilipewa mfuko mweupe mtupu, na Shefu wa labo, mkuu wa maabara yetu, akaniamuru niupindue, nitazame mishono yake yote.

"Unaona nini?"

"Hamuna kintu, Shefu."

"Muzuri. Kesho utaangalia tena."

Nilidhani mzee ana kichaa kidogo.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta wadudu wanaoishi juu ya panya wadogo wa nyumbani: viroboto, chawa, na utitiri, ambao ni mdogo kuliko punje ya chumvi. Kila panya alikuwa na mfuko wake, umefungwa kamba, maana kiroboto hakai palipomchosha. Anaruka, anajificha kwenye mshono. Labo tulimlaza panya kwa pamba yenye dawa ya usingizi, tukamsugua manyoya kwa mswaki juu ya beseni jeupe. Harufu ile ilinilegeza hata mimi. Mchana mwingine sikujua kama ninasugua au ninaota. Chini ya hadubini utitiri ulielea ndani ya tone lake, na Lubumbashi nzima ikanyamaza.

Nyumba iliyotoa kiroboto ilimwagiwa dawa ya unga sakafuni. Iliyotoa sifuri iliachwa.

Mtaani Ruashi tuliacha mtego na mfuko wa kumtilia panya kwa Mama Zaina, mtu wa Maniema, ambaye watoto wake walilala kwenye mkeka, miguu imejaa vidonda vya kuumwa. Asubuhi nilikuta kapanya ndani ya kopo, na mfuko wangu umekunjwa vizuri, mweupe kabisa. Nilifurahi, siwafichi. Nikasugua kapanya, nikaandika sifuri.

Shefu akaunusa mfuko. "Inanuka sabuni. Tangu lini panya banafulaka nguo?"

Nikarudi Ruashi siku hiyohiyo.

"Kapanya ilichafua mufuko, yaya, njo maana nikaifula," Mama Zaina akaniambia, akiniita yaya, ndugu mkubwa. "Kwetu haturudishake kintu ya mugeni na buchafu."

Niliumia moyo. Viroboto walikuwa wamekwenda na maji ya sabuni, au wamebaki mkekani, na nyumba yake ilikuwa tayari kwenye orodha ya kuachwa. Lakini ningemwambiaje kwamba heshima yake ndiyo iliyowaponza watoto wake?

"Kosa ni yangu, Mama Zaina," nikasema. "Sikukuelezea. Mufuko muchafu njo ile tunatafuta."

Tukatega upya. Siku mbili baadaye mshono ukatoa viroboto watatu. Dawa ikamwagwa, na vidonda vya watoto vikakauka.

Mashefu walibadilika, na mimi nikawa mzee wa labo. Kila mfanyakazi mpya nilimpa kwanza mfuko mtupu, na najua walinicheka.

Mwaka jana nilistaafu. Tulikuwa labo tunakunywa soda, Madame Directrice, mkurugenzi wetu, anatoa hotuba, Mama Zaina akaingia na mtandio wake, mkononi ameshika mfuko mweupe uliofungwa kamba. Mfuko ulitikisika. Madame Directrice akarudi nyuma.

"Nilikukamatia ya mwisho, yaya. Ilitoka kwangu. Mufuko sikufula."

Nikaketi mbele ya beseni na nguo zangu za sherehe. Nikasugua polepole, ile harufu ikanipanda kichwani kama zamani, kisha nikapindua mfuko, mshono kwa mshono. Mama Zaina alisimama nyuma yangu, mkono begani kwangu.

Nikaandika sifuri, na safari hii niliiamini.